Mafiga ya Wangechi

Kamati ya makumbusho mapya ya Thika ilikaa, ikanywa chai, ikaamua upuzi mtupu. Mafiga matatu ya marehemu Wangechi yagawanywe: moja liwekwe chumba cha Wakikuyu, kwa kuwa alizaliwa Mkikuyu, mawili yaende chumba cha Wakamba, kwa kuwa aliolewa na Mbaluka, Mkamba. Eti haki itendeke!

Ndinda, binti yake, alipata habari asubuhi ya ufunguzi, akiwa kwake Makongeni anafunga kitambaa kichwani. Haiya! Mawe yale mama yake aliyabeba kwa kiondo, mkanda ukimkata kipaji cha uso, siku walipofukuzwa kwenye shamba la mkonge. Kila walipopata pa kulala, walifukuzwa tena. Mama anapanga mafiga, wanapika, wanakula, anayabeba tena. Alikufa bila kupata pahali pa kuyaacha. Ndinda aliyatoa kwa makumbusho ili yatulie, tena yote pamoja.

Basi hakuuliza mtu. Alikwenda makumbusho, akaingia mle vyumbani, akayatoa moja moja mpaka uani, akayapanga, akawasha moto, akainjika sufuria ya mahindi na maharagwe.

Githae, mwenyekiti wa kamati, alitoka mbio, tai begani. "Shosho, nyanya yetu, tafadhali! Wageni wako kwa geti!"

"Waingie. Chakula kinaiva."

"Lakini tulikubaliana kila kabila lipate..."

"Mlikubaliana na nani? Mafiga mawili hayainjiki chungu, Githae! Hukulelewa jikoni wewe?"

Wageni kutoka Kimbo, Witeithie na kule Ukambani waliacha viti vya hotuba, wakafuata harufu. Wazee wakaanza kubishana: Wakikuyu, hii ni githeri; Wakamba, wapi, hii ni isyo! Walibishana midomo ikiwa imejaa, na kila mmoja akarudi kuongezwa.

Sufuria ilipoisha, Githae akajikaza. "Haya shosho, umetulisha. Sasa tuyarudishe ndani, kila moja chumba chake."

Ndinda alichochea kuni. "Sawa. Anza wewe. Beba."

Githae akanyoosha mkono, akaurudisha upesi, akipuliza vidole. Uani kote watu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Basi yakae hapo hapo," akasema. "Tutayajengea paa."

Ndinda alisimama, jasho na machozi vikimtiririka, akapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka:

"Mama! Leo hakuna wa kukuhamisha!"