Foleni ya Mtu Mmoja

"Mama, hoteli zitakumalizia pesa. Panga nyumba yenye jiko, ujipikie," aliniambia mwanangu aliponilipia tiketi ya likizo ya kustaafu. Kujipikia! Mimi niliyewapikia wanafunzi mia sita wa bweni kwa miaka thelathini na moja, nishindwe na tumbo moja?

Nilishindwa. Kule ugenini mchele wa bei nafuu ulikuwa wa mfuko mkubwa tu, na mkono wangu haujui kupima kidogo. Siku ya tatu wali ulifura mpaka ukainua kifuniko. Chakula hakitupwi, kwa hiyo nilijaza sahani nikaenda kugonga kwa jirani.

Alichungulia bila kutoa mnyororo wa mlango. "Hatukuagiza chakula," akasema, akafunga.

Ala! Kwani nina sura ya kusambaza vyakula? Nilirudi jikoni nimenuna. Nyumba ilikuwa kimya. Nikagonga sufuria kwa upawa mara tatu, kama nilivyokuwa nikiwaita wanafunzi, halafu nikashika sahani yangu, nikapanga foleni peke yangu.