Moyo Kwenye Mstari wa Saba

Kila asubuhi nilivifuta vipimo kumi na viwili vya mapigo ya moyo kwa pamba yenye spiriti, nikawafunga mikononi wanaume wa tanuri la chuma mmoja mmoja, kisha nikaketi mbele ya skrini na kikombe cha chai. Wao waliviita pingu. "Funga taratibu, nesi," Nyundo, rafiki wa baba niliyemwita baba mdogo, alizoea kunitania. "Mfungwa mwenyewe hana mbio." Baba alisimama nyuma yake kwenye foleni, akitazama pembeni kama mtu asiyenijua, kwani kazini, alisema, hakuna baba wala mwana.

Jumatatu moja niliinua kikombe, nacho hakikufika mdomoni. Mstari wa saba ulikuwa wa Nyundo, lakini moyo uliokuwa ukipiga pale haukuwa wake. Ulipiga mara nne, ukajikwaa, ukasita kama mtu anayetafuta kiatu gizani, ukaendelea. Utotoni nililala juu ya kifua chenye moyo ule. Niliuhesabu kabla sijajua kuhesabu kitu kingine.

Sikuhitaji kuuliza. Kipimo kikilia mara tatu ndani ya mwezi, mtu huondolewa tanurini na kupelekwa stoo. Cha baba kilikwisha kulia mara mbili. Cha Nyundo kilikuwa hakijalia hata mara moja. Basi huko kwenye chumba cha kubadilishia nguo walikuwa wamebadilishana vipimo, rafiki akimwazima rafiki moyo mzima.

Jioni ile, nyumbani, nilimpelekea baba maji ya kunywa.

"Baba, unapata usingizi?"

"Nalala kama gogo."

"Na kifua?"

"Kifua kipo, hakijahama." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya moto ule. Wakinipeleka stoo kugawa makoleo, nitakuwa nani?"

Nilichukua bilauri tupu nikaenda kuiosha. Binti hamvui baba yake nguo mbele ya watu, nilijiambia. Na kwa siku tisa nilikaa nikiutazama mstari wa saba, nikiubembeleza kimoyomoyo kama mtoto mwenye homa.

Siku ya kumi kipimo cha namba saba kililia. Nikashika redio ya mawasiliano.

"Namba saba," nilisema. Hayo tu ndiyo yaliyotoka.

Kupitia kioo niliwaona wakimkimbilia Nyundo, wakimlaza chini kwa nguvu, naye akifurukuta na kupiga kelele zilizopotea katika mngurumo wa tanuri. Alikuwa akionyesha upande wa pili. Hakuna aliyetazama alikoonyesha, maana aliyezidiwa na joto huweweseka. Nami redio ilikuwa mkononi. Nilibonyeza, nikaachia. Nilipobonyeza tena nikasema, "Mwangalieni na baba," sauti ilitoka ndogo mno, wakaniambia nirudie.

Dakika tatu zilipita. Walimkuta baba ameketi nyuma ya rundo la makaa, mgongo ukutani, glavu amezivua na kuzipanga vizuri ubavuni. Alikuwa amekwisha kwenda.

Siku ya tatu baada ya maziko, meneja wa usalama alituita ofisini, mimi na Nyundo. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa: kosa la kubadilishana vipimo ni la Nyundo peke yake, na kazi yake imekoma. Kilichobaki ni sahihi yangu, kuthibitisha kwamba chumba cha vipimo hakikujua lolote. Nyundo alikuwa amekunja kofia yake magotini, pande la mtu lililonywea ndani ya shati lake.

"Weka sahihi, mwanangu," alisema. "Baba yako aliniomba mara moja tu, nikashindwa kumkatalia. Mzigo ni wangu. Wewe ungejuaje?"

Meneja akanisogezea kalamu. "Hapo chini tu, nesi. Hatutaki kukuchosha, una msiba."

Niliishika. Karatasi ilikuwa nyepesi, na mstari wa sahihi ulikuwa mfupi. Jina langu lingetosha. Nyundo alinitikisia kichwa kunipa moyo, macho yake mekundu yakinihurumia mimi, na huruma ile ndiyo iliyonishinda.

Nikailaza kalamu mezani.

"Baba mdogo," nilisema, "nilijua tangu siku ya kwanza. Niliogopa kumwaibisha baba kuliko nilivyoogopa kumzika."