Barua Chini ya Kikombe

Mtoto wangu alifikisha miezi mitatu na sikuwahi kumwogesha hata mara moja. Si uvivu. Mama mkwe wangu alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na kwake chochote chenye maji na sabuni ni mali yake. Nikigusa beseni, ananipokonya. "Kapumzike, mwanangu." Nikimbeba Kibonge (ndivyo tunavyomwita, na mashavu yake yanastahili jina hilo), anampokea. "We kapumzike."

Basi nikapumzika mpaka nikaugua. Nalala chali nahesabu misumari ya dari huku mwanangu anacheka na mtu mwingine chumba cha pili. Usingizi hauji, kifua kinabana. Naenda bafuni, nafungua bomba lipige kelele, nalia. Nilikuwa namaliza maji mengi kwa kulia kuliko kwa kuoga.

Siku ya kliniki nesi akampima Kibonge uzito, akajaza kadi, halafu akaniangalia mimi. "Na wewe je, mama? Unalala?"

Swali dogo tu, nami nikabubujikwa na machozi mbele ya foleni nzima. Akanipeleka nyuma ya pazia, akanisikiliza bila kuangalia saa. Akasema hali hiyo huwapata kina mama wengi, si utovu wa shukrani, na inatibika. Nije kila Alhamisi tuongee. "Ila nakupa kazi ya nyumbani. Mwambie mtu mmoja pale kwenu jambo moja la kweli."

Jambo la kweli nilikuwa nalo. Kulisema ndiyo shughuli. Mbele ya mama mkwe mdomo wangu unajua maneno mawili tu: "Sawa, mama."

Kwa bahati, kwenye masomo ya jioni ninayohudhuria tulikuwa tumefika kwenye barua rasmi. Nikakaa, nikaandika. Anwani juu kulia, ingawa wote tunaishi nyumba moja. Tarehe. Kichwa kwa herufi kubwa, mstari chini kwa rula: KUHUSU: OMBI LA KUMWOGESHA MTOTO WANGU. Aya tatu zenye heshima zake; ya katikati ikataja machozi ya bafuni na nesi wa Alhamisi. Asubuhi nikaiweka chini ya kikombe cha chai cha mama mkwe, nikatoka kwenda kuanika nepi.

Niliporudi chai ilikuwa imepoa, haijaguswa. Chumbani kwake nikasikia zipu ya begi. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na alikuwa anajiandaa kwenda kazini, amesimama kwenye korido na kiatu mguu mmoja, barua mkononi.

"Umemwandikia nini mama yangu?"

"Nimemwomba tu..."

"'Nisipopata jibu ndani ya siku saba nitalazimika kuchukua hatua zaidi.' Hatua gani, mke wangu? Utamshtaki?"

Ndipo nikakumbuka. Mwalimu alitupa mfano wa kufuata: mpangaji anamlalamikia mwenye nyumba kuhusu paa linalovuja. Nami nilikuwa nimenakili hitimisho lote, neno kwa neno, kwa sababu lilinipendeza.

Mume wangu alipoelewa, kicheko kikamfika kooni, akakimeza. "Nenda ukaongee naye. Mimi nikiingia humo nitachapwa na pande zote mbili."

Mama mkwe alikuwa anakunja magauni yake kama mashuka ya wodini, pembe kwa pembe. Hakuinua uso.

"Siku saba ni nyingi. Basi la mchana linanitosha."

"Hapana, mama."

Tulishtuka wote wawili. Sikuwahi kumwambia hapana.

"Hizo siku saba ni za mpangaji," nikasema. "Nimezinakili darasani. Maneno yangu ni yale ya katikati."

"Yapi?"

"Kwamba nalia bafuni, mama. Kila siku. Najiona mgeni kwa mwanangu. Nakupenda na nakuhitaji, usiondoke. Ila nipe beseni."

Mikono yake ikasimama. Akajiachia, akakaa juu ya begi.

"Mimi nilipomzaa huyo mumeo sikuwa na mtu. Siku ya nne nilikuwa nimeinamia mashuka ya watu. Nikaapa mke wa mwanangu hatagusa ndoo." Akavuta pumzi. "Halafu nikikaa bure humu ndani, mtaniona mzigo."

"Mzigo? Sasa nguo zetu atakunja nani?"

"Hilo kweli. Wewe unazikunja kama mmegombana."

Tukacheka, na ndipo Kibonge akalia. Wote tukanyanyuka. Mama mkwe akajizuia, akakaa tena, akabana mikono katikati ya magoti isimtoroke.

"Nenda. Ni zamu yako."

Nikambeba hadi bafuni, nikafunga mlango. Kibonge alinitazama kama bosi anavyomtazama mfanyakazi wa majaribio.

"Shingo!" sauti ikatoka nje. "Shika shingo!"

"Nimeshika, mama!"

"Maji umeyajaribu kwa kiwiko?"

"Mama!"

"Haya, nimenyamaza." Akanyamaza labda sekunde nne. "Huyo nesi wako wa Alhamisi... anawasikiliza na watu wazima kama mimi?"

"Anamsikiliza yeyote."

"Basi twende wote. Nina maneno yangu, yana miaka na miaka."

Kibonge akapiga maji kwa viganja vyote viwili, yakanirukia usoni. Nikacheka kwa sauti hadi mume wangu akaita kutoka korido kuuliza kuna nini. Mlango ukafunguka kidogo, ukapita mkono mmoja tu wenye taulo. Nikaushika mkono wenyewe, nikauvuta hadi mwenye mkono akaingia.

"Kaa hapo kwenye kigoda, mama. Uangalie. Usiguse."

"Naangalia tu," akasema, akaikalia mikono yake yote miwili.