Shimo la Taka

Godlove alisimama getini kwetu Shirimatunda na jani la isale mkononi, amelifunga fundo. Nililiona jani kabla sijamtazama usoni. Mchagga akikuletea isale kukuomba msamaha, humkatalii, hata kama amekuchomea nyumba.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama yangu, kisha akanigeukia. "Dada Kornelia, nimekosa."

Nilimwacha asimame.

Baba zetu ni ndugu. Tulifanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha mvinyo wa ndizi, mimi nikitafiti namna ya kutotupa kitu: maji ya kuoshea ndizi yatumike tena, maganda yakaushwe yawe chakula cha ng'ombe. Niliishika kazi ile kama dini. Hata nyumbani nilifukia shimo la taka, nikasema hatuna tena cha kutupa, mama akanicheka. Halafu asubuhi moja nikamsikia Godlove redioni akieleza utafiti wake. Wake! Hata mzaha wangu wa ng'ombe kulewa aliutumia. Wafadhili wakampa karakana huko juu mlimani, na kiwandani nikaambiwa niache wivu.

Nililia. Kisha nikakumbuka kwamba alichoiba ni nusu. Alichukua majaribio ya kiangazi. Ya masika, ya kuzuia maganda yasioze wakati wa mvua, nilikuwa bado nayafanya nyumbani, kwenye mapipa nyuma ya zizi. Nikafuta machozi, nikasubiri mvua.

Ilikuja Aprili, ikanyesha wiki nzima. Maganda yake yakaota ukungu, ng'ombe wa watu wakaharisha, wenyewe wakamjia juu. Alinipigia simu mara nyingi. Niliiacha iite mezani huku nakunywa chai, na sitadanganya, ile chai ilikuwa tamu.

"Lipokee, mwanangu," mama alisema taratibu pale getini. "Isale haikataliwi."

Nikalipokea. Godlove akashusha pumzi, na kabla hata hajaketi macho yake yakakimbilia nyuma ya zizi.

"Sasa dada, wafadhili wanakuja Jumatatu. Kwenye hayo mapipa maganda unayachanganya na nini?"

Nilichukua jembe, nikaenda kando ya mapipa, nikachimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Nikalitia lile jani shimoni, nikafukia, nikakanyaga, yeye akitazama.

Mama aliingia ndani. Nilinawa mikono kwa maji yaliyooshewa ndizi, nikamkaribisha Godlove chai.