Shahidi Ambaye Hakuwepo

Kazi yangu ni kutia rangi nyama za wagonjwa. Kipande cha uvimbe kinanijia kikiwa ndani ya nta. Nakikata chembamba kupita ganda la kitunguu, nakilaza kwenye kioo cha slaidi, nakichemsha katika sufuria ya presha, kisha nakitia dawa. Jeni ya kipokezi cha homoni ikiwa inafanya kazi, viini vya seli hushika rangi ya kahawia; ikiwa imenyamaza, hubaki buluu. Daktari wa maabara anatazama, anatia sahihi, mimi nakwenda kuosha vyombo. Majina siyasomi, nasoma namba. Anayeona sina moyo aje akate slaidi arobaini kwa siku.

Namba moja ya Jumanne niliijua bila kutaka, kwa sababu ilikuwa ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Saratani yake ya ovari, ile inayokua polepole, ilikuwa imerudi baada ya upasuaji na dripu sita za dawa ya saratani. Dripu alishaapa hazitaki tena. Ikabaki njia moja: uvimbe ukiwa na vipokezi vya estrojeni, atameza vidonge vya kuunyima homoni hiyo. Usipokuwa navyo, hakuna vidonge.

Slaidi yake ilitoka buluu tupu. Tukamwangalia shahidi. Shahidi ni slaidi ya nyama tunayojua fika kwamba ina vipokezi. Tunaitia dawa pamoja na za wagonjwa ili tuone kama kazi imekwenda sawa. Ilikuwa kahawia safi. Daktari akaandika kwamba vipokezi havipo. Nilikasirika siku nzima, na sikujua nimkasirikie nani.

“Haya wifi, hata seli zangu zina ubishi wa kwetu,” wifi alisema alipopewa majibu. Kesho yake akaanza kugawa nguo. Mimi nilipewa koti, nikaonywa nilivae kwa uangalifu maana mwili wangu wa ufagio hautalijaza.

Alhamisi asubuhi sufuria ilifoka mvuke pembeni. Nikaifunua. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka, na ule mpasuko haukuwa wa siku moja. Maji yasipopata moto wa kutosha, dawa haishiki, na kila kitu kinatoka buluu.

Lakini shahidi wa Jumanne alishika rangi. Nilisimama na mfuniko mkononi mpaka nikaelewa. Nyama ya shahidi ni adimu, kwa hiyo sisi hapa tuna mazoea yetu: tunachemsha mashahidi wengi kwa mpigo mmoja, tunawaweka kwenye friji, kila siku tunamtoa mmoja. Huyu wa Jumanne alichemshwa wiki mbili nyuma, sufuria ikiwa nzima. Tulimwamini kwa jambo ambalo hakuwepo lilipotokea.

Nikaweka mpira mpya. Nikakata tena nyama ya wifi. Safari hii nilimchemsha pamoja na shahidi wake. Saa tisa alasiri slaidi ilikuwa kahawia, viini tisa katika kila kumi. Daktari alitazama mara mbili, akaandika majibu mapya. Nikavua koti la kazi nikakimbia.

Nilimkuta wifi kitandani, kajizungushia nguo zilizokunjwa. Nikamweleza yote, na sufuria nikaitaja. Alilia kidogo, kisha akacheka huku akijifuta.

“Yaani mlinichemsha nikabaki mbichi?”

“Ndiyo, wifi. Nisamehe.”

“Nimekusamehe, mpishi mbaya wewe. Vidonge naanza lini?”

“Jumatatu.”

Akanishika mkono, akaukaza. Sijawahi kufurahi vile siku ya kazi. Ghafla akauachia.

“Humo sufuriani nilikuwa peke yangu?”

“Hapana. Mlikuwa kumi na mmoja.”

“Na hao kumi wametokaje?”

Tangu asubuhi sikuwa nimewafikiria hata mara moja, mimi ninayejisifu kwamba kwangu wote ni namba.

“Sijawarudia,” nikasema.

Wifi akazisukuma nguo pembeni.

“Basi sasa hivi kuna mtu anaambiwa hakuna vidonge,” akasema. “Inuka.”

Nikainuka.