Ua Uliokaa Eda

Mwanamina alikuwa amekaa eda, na mkokoteni wa ngisi ulikuwa mlangoni.

Marehemu mumewe, Miraj, ndiye aliyeianzisha biashara ile hapa Voi. Wavuvi wa Gazi waliwatia ngisi chumvi na kuwapeleka Mombasa kupakiwa katika gari moshi, naye akawaanika uani kwake, maana jua la Voi hukausha kitu mpaka kikalia, na unyevu wa pwani hukiozesha. Lakini kila mwaka, ngisi walipoingia kwenye majani ya bahari kutaga, Miraj alivikunja vichanja vyake. Aliapa kutonunua hata mmoja msimu huo, na wavuvi nao wakaapa kuwaacha watage. "Ukimla mama na mayai yake," alizoea kusema, "mwakani utakula chumvi."

Sasa Miraj alikuwa kaburini, na mdogo wake, Ishaq, alikuwa amepata tajiri aliyetaka ngisi msimu wote.

"Shemeji, fungua! Mzigo unapigwa na jua."

"Nani amewaambia wavuvi wavue?"

"Mimi. Wameona pesa, kiapo wamekisahau."

Tryphena, jirani wa kutoka Chawia aliyemsaidia Mwanamina kuanika, alitoka akachagua ngisi mmoja kapuni, akarudi naye ndani, akampasua. Tumbo lilikuwa limejaa mayai.

"Mimi sijasahau," Mwanamina akasema.

"Biashara ni ya ndugu yangu. Nitapita."

"Utapita wapi? Vichanja viko uani, na uani kuna mwanamke wa eda. Wewe si maharimu wangu. Haya, ingia, kisha ukamweleze imamu."

Wapagazi waliosukuma mkokoteni wakaangua kicheko.

"Basi nitaleta wanawake waanike!"

"Walete," alijibu Tryphena, amesimama kizingitini na mchi mkononi. "Ila waje wameshiba. Kunipita mimi ni kazi."

Ishaq alilegeza sauti. "Mwanamina, utakula nini? Miraj hakukuachia shamba. Tajiri huyu akienda harudi."

Neno lile lilimchoma. Unga ulikuwa umebaki wa kukwangua debe. Alivitazama vichanja vilivyoegemezwa ukutani. Miraj alivifunga mwenyewe kwa kamba za mkonge kabla homa haijamlaza, na mafundo yake bado yalikuwa yamekaza.

"Nitakula mihogo ya Tryphena," akasema. "Ngisi hao wagawe, wapikwe leo. Hapa hatakauka hata mmoja. Na gadi wa gari moshi awafikishie wavuvi salamu: Voi haipokei."

Ishaq alisimama pale mpaka nzi wakajaa. Tajiri hanunui uvundo. Mwishowe akawaambia wapagazi wajichukulie, nao wakavua kofia na kuzijaza. Akashika njia ya stesheni kumpa gadi salamu zile.

"Eda ina mwisho, shemeji!" alipaza sauti kutoka barabarani.

"Ina mwisho," Mwanamina akajibu nyuma ya mlango. "Na siku hiyo mayai yatakuwa yameshaanguliwa. Njoo basi, nitakufungulia."