Aliyekaa Miguuni pa Épiphanie

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika, Épiphanie aligeukia ukutani. Hakutaka kukiona kitanda cha jirani yake Winifred, ambaye wodini walimwita Mama Gaju, mkubwa wa ofisi fulani mjini, wala jinsi watu wa kanisani, wafanyakazi wenzake na mashemeji walivyomzunguka na chupa za chai. Wanawake hao wawili walikuwa na saratani moja, ya titi, na dawa ileile ilidondoka mishipani mwao. Ila Épiphanie hakuwa na mtu.

Enzi alipokuwa na meza ya vitenge sokoni Nyabugogo, nyumba yake ya Gatsata haikukaukiwa wageni. Ugonjwa ukala mtaji. Akashindwa kulipa mchango wa kikundi cha akiba, naye akaona haya. Majirani nao wakaacha kupokea simu zake. Mkono mtupu haulambwi. Usingizi ukampaa, moyo ukawa unamdunda hata akiwa amelala kimya.

Siku hiyo alihisi godoro limebonyea miguuni. Akageuka. Bibi mwembamba alikuwa ameketi, kajitanda mushanana mweupe, vazi la sherehe la bega moja. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu, kavu kabisa, ilhali nje mvua ilikuwa ikimiminika tangu asubuhi.

“Umekaa peke yako mno, mwanangu,” bibi alisema, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini moyo wa Épiphanie ukatulia, akalala fofofo.

Alipoamka alimsimulia muuguzi, Gakwaya.

“Hata mama mmoja wa Kabuga, aliyelala hapa kabla yako, alimsifu huyo bibi,” akasema. “Naye hakuwa na wa kumtembelea.”

“Aliruhusiwa kwenda nyumbani?”

Gakwaya aliinama kuibana dripu iliyokuwa imeshabanwa.

Kesho yake bibi alikuja tena. “Inuka twende,” alinong’ona. “Tuendako hakuna anayeulizwa kaleta nini.”

Maneno hayo yalimwingia Épiphanie kama maji kwenye udongo mkavu. Akaanza kushusha miguu.

“Dada, unaongea na nani?” Winifred aliita kutoka kitandani kwake.

“Na mgeni wangu, Mama Gaju.”

Winifred alitazama. Aliona shuka limebonyea, na juu yake hapakuwa na mtu. Nywele zilimsisimka. Angeweza kufumba macho, watu wake wote walikuwa pale kumtuliza. Badala yake alishuka, akaburuta nguzo ya dripu hadi kwa Épiphanie, akamkumbatia.

“Njooni huku nyote!” aliwaamuru wageni wake. “Leteni na viti.”

Wakaja, wakijibana. Shemeji mmoja akaketi miguuni pa kitanda, akashtuka. “Mbona hapa pana baridi hivi?” Lakini hakuondoka. Akamimina chai, akaanza kumuuliza Épiphanie habari za Gatsata.

Épiphanie alimwona bibi sasa amesimama katikati ya wodi, akitafuta pa kukaa. Hakuonekana kukasirika. Taratibu aligeuza uso kuelekea kitanda cha karibu na mlango, alikolala msichana aliyeletwa asubuhi, ambaye hakuna aliyekuwa amemsemesha.

Épiphanie aliweka kikombe chini.

“Mama Gaju, nishike,” alisema. “Twende pale upesi.”

Wakaenda, wameshikana, viti vikiburutwa nyuma yao, nao wakaketi kitandani kwa msichana yule kabla bibi hajafika.